INJINI ISIYO NA PISTONI

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliniandikia kwanza akiomba nizungumze juu ya kazi za bima, ambazo ndizo zinazonipatia riziki kule Posta. Baadaye aliandika tena kusema kwamba vijana wa kidato cha tatu wameomba nizungumze juu ya gari. Nilishukuru kwa barua zote mbili, lakini ya pili niliijibu siku ile ile.

Gari lenyewe mmeliona pale nje. Ni Mazda RX-8 ya mwaka 2004, rangi yake ilikuwa nyekundu, na wanne kati yetu tuliomaliza hapa mwaka mmoja tulilinunua kwa mchango ili tulikimbize katika otokrosi. Kwa wasiofahamu, otokrosi ni mashindano madogo ya watu wasiolipwa: mzunguko mfupi wa udongo, gari moja au machache kwa wakati, na hakimu ni saa. Wenzetu wa Kenya wameyaweka katika utaratibu mzuri, hata watoto wana vigari vyao vidogo. Sisi huku huyafanya kila tupatapo kiwanja na ruhusa.

Wako wanaodhani kwamba mambo haya si ya kwetu. La hasha. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, kwa Volvo ambayo ilikwisha kutumika katika Safari ya mwaka uliotangulia. Yaani alishinda kwa gari la mkono wa pili, kama letu. Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Kwa hiyo sisi wanne hatukuanzisha wazimu mpya. Tumerithi wa zamani.

Sasa niwaeleze injini, maana bila kuielewa hamtaelewa ugomvi uliotokea.

Injini mnayoijua ina pistoni zinazopanda na kushuka kama mchi katika kinu. Kila mara pistoni hupanda, husimama, hushuka, husimama tena. Mjerumani Felix Wankel aliwaza kwamba kusimama huko ni hasara, na injini yake ya kwanza ya majaribio ilinguruma mwaka 1957 katika kiwanda cha NSU. Ndani yake mna rota badala ya pistoni. Chukueni sambusa iliyoshiba, pembe tatu, mbavu zimevimba kidogo. Iwekeni katika chumba chenye umbo la ganda la karanga ya mbegu mbili. Ikizunguka humo, ncha zake tatu hazibanduki ukutani, na kati ya kila ubavu na ukuta hubaki nafasi inayopanuka na kusinyaa. Ikipanuka hunyonya hewa na petroli. Ikisinyaa hukandamiza. Plagi huwasha, moto husukuma ubavu wa rota, kisha moshi hutoka. Hakuna valvu hata moja. Rota ikizunguka mara moja, shafti inayopeleka nguvu kwenye gia huzunguka mara tatu. Kwa hiyo shafti ikifika mizunguko 9,000 kwa dakika, rota yenyewe inakwenda 3,000 tu, haina haraka.

Yetu ina rota mbili, kila moja na chumba cha sentimita za ujazo 654, jumla 1,308. Huo ni ukubwa wa injini ya kigari cha kupelekea watoto shule, lakini iliondoka kiwandani Japani ikiwa na nguvu za farasi 250.

Udhaifu wake uko kwenye zile ncha. Kila ncha ya rota ina kipande chembamba cha chuma kinachofuta ukuta kama kisu kinavyokwangua chungu. Tukiite sili ya ncha. Wajapani wa Mazda walipoanza kuishughulikia, sili hizo ziliacha mikwaruzo ya mawimbi ukutani, nao wakaiita makucha ya shetani. Wahandisi 47, wakiongozwa na Kenichi Yamamoto, walihangaika na makucha hayo mpaka wakaweza kuuza gari lao la kwanza la rota, Cosmo Sport, mwaka 1967. Mwaka 1991 gari la Mazda lenye rota nne lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans huko Ufaransa. RX-8 iliacha kutengenezwa mwaka 2012, na tangu mwaka 2023 injini ya rota imerudi katika kazi ya unyenyekevu zaidi, kuzungusha jenereta ndani ya gari la umeme la MX-30. Viwanda vingine vikubwa vilijaribu vikaiacha. Mazda peke yake ndiyo iliyong'ang'ania.

Gari tulilipeleka Gerezani. Vijana mnaotoka mikoani pengine hamjui Gerezani: ni upande ule wa Kariakoo ambako bati linapigwa kuanzia asubuhi hadi jioni, wanatengeneza masanduku, sigiri na mageti, na katikati yao wamekaa mafundi wa magari na wauza spea. Nikitoka ofisini Posta hupanda mwendokasi nikashuka huko huko. Ukifika na skrubu moja ya Toyota utaonyeshwa kumi za namna yake kabla hujamaliza kusalimia. Ukisema RX-8, muuzaji humwita jirani yake aje akutazame.

Hata hivyo tulipata gereji iliyotukubali. Na ndani ya gereji hiyo tulimkuta kijana aliyemaliza kidato cha nne katika shule hii hii mwaka 2020. Yupo pale nyuma. Amekataa kuketi mbele, nami sitamtaja jina. Alikuwa analipwa shilingi 10,000 kwa siku, siku za kazi.

Februari mwaka jana, saa sita mchana, mwenye gereji alimwambia alisogeze gari letu kivulini. Kijana akaliwasha, akalisogeza hatua kumi, akalizima. Kesho yake halikuwaka. Stata ilizungusha injini kwa sauti nyepesi, kama cherehani isiyo na kitambaa, na kila fundi aliyepita alitikisa kichwa. Mwenye gereji alitamka hukumu: injini haina kompresheni, imekufa, na aliyeiua ni huyu aliyeiwasha mwisho. Kuiondoa na kuweka injini ya Toyota, pamoja na ufundi, ingekuwa shilingi milioni nne, nazo zikatwe katika posho ya kijana. Wawili kati yetu wanne waliona hiyo ni haki. Pigeni hesabu wenyewe: milioni nne kwa posho ya 10,000 ni siku 400 bila kula.

Kijana hakubisha. Aliniambia tu, "Mzee, shikamoo. Nililiwasha na kulizima. Sikufanya kingine."

Mimi kazi yangu ni kukagua madai ya ajali. Mtu akileta dai, sianzi na nani alaumiwe; naanza na kutazama kilichovunjika. Niliomba siku tatu.

Tulifungua plagi. Injini hii ina plagi nne, mbili kwa kila rota, na zote zilitoka zimelowa petroli kama zilizochovywa. Hapo jibu lilikuwa limeanza kuonekana. Injini yoyote ikiwa baridi hupewa petroli nyingi zaidi. Ikizimwa kabla haijapata moto, ile petroli hubaki ndani. Katika injini ya rota petroli hiyo huosha utando mwembamba wa oili uliopo ukutani, na utando huo ndio unaoisaidia sili ya ncha kuziba. Pasipo oili hakuna kuziba. Pasipo kuziba hakuna kompresheni. Pasipo kompresheni haiwaki. Na kila ukijaribu kuiwasha unaongeza petroli. Ni kuzirai kunakofanana sana na kufa, na mtu aliyezoea pistoni ana kila sababu ya kuita watu wa msiba.

Tiba yake haina uchawi. Tulichomoa fyuzi ya pampu ya petroli, tukaizungusha injini bila plagi mpaka ikatema mvuke wote, kila mara kwa sekunde kumi tu ili tusiunguze stata. Tukatia oili kidogo katika kila tundu la plagi. Tukaikaushia plagi juani, tukaazima betri iliyojaa.

Kabla ya kurudisha plagi zote tulifanya jambo moja ambalo nawasihi wanafunzi wa fizikia mje mlione. Kipimo cha kawaida cha kompresheni hakifai kwa rota, maana kina valvu ndogo inayoshikilia shinikizo la juu kabisa, na rota ina mbavu tatu: ubavu mmoja mzima unaweza kuficha viwili vibovu. Tuliiondoa hiyo valvu. Sasa sindano ikawa inaruka kwa kila ubavu, na kwa kuwa stata huzungusha shafti kama mizunguko 250 kwa dakika, zinakuja pumzi nne hivi kwa sekunde. Kijana alizipiga picha kwa simu, tukazitazama polepole. Rota ya mbele: mruko, mruko, mruko, sawa. Rota ya nyuma: midogo kidogo, lakini mitatu yote ipo. Hata kwa sikio unasikia, puf, puf, puf. Ingekuwa sili imevunjika, pumzi mbili kati ya hizo tatu zingekosekana.

Tulirudisha plagi na fyuzi, kijana akakanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, jambo ambalo katika gari hili hukata petroli wakati wa kuwasha, akapiga stata, kisha akaachia taratibu. Ilikohoa mara mbili ikawaka. Oili tuliyoitia ikaungua yote kwa mpigo, na moshi mweupe ukafunika eneo lote hata wapiga bati wakaacha nyundo zao. Mwenye gereji alitoka ndani akasimama kwa muda. Hakusema neno juu ya milioni nne, wala hakulisema tena. Jioni alimlipa kijana posho ya siku zote tatu.

Lakini mkaguzi haondoki kwa sababu dai limefutwa. Magari mengi ya namna hii husogezwa hatua kumi yasizirai. Kwa nini letu? Tulitazama plagi vizuri zaidi. Katika kila rota plagi ya chini ndiyo inayotangulia kuwasha na ndiyo yenye kazi kubwa, na ya juu hufuata. Hazifanani, kiwanda kimeziandikia L na T. Zetu zilikuwa zimepishanishwa, na hilo lilifanyika kabla gari halijafika mikononi mwetu. Koili nazo, moja kwa kila plagi, tulizijaribu kila moja: mbili zilitoa cheche ya bluu, mbili zilitoa cheche ya rangi ya chungwa iliyochoka. Koili za RX-8 ni dhaifu kwa tabia, na madhara yake hayaishii kwenye kukosa nguvu. Petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya masega ya ekzosi. Masega huyeyuka, moshi hukosa njia, joto hurudi kwenye injini, na sili zinaumia. Tulipoyafungua ya kwetu, yalitoka mabonge mithili ya sukari guru. Kwa hiyo injini ilikuwa inakabwa koo siku nyingi kabla kijana hajaishika.

Tulibadilisha koili zote nne na plagi zote nne. Msibadilishe koili mbili mkaacha mbili. Ni uchumi wa uongo.

Niguse pia habari ya oili, maana hapa ndipo injini hii inaposingiziwa zaidi. Katika pistoni, ukisikia "inakula oili" unajua ringi zimekwisha. Katika rota, kuna pampu ndogo iliyowekwa makusudi ili kuingiza oili katika chumba cha moto, kuzilainisha zile ncha. Isipopungua oili ndipo uogope. Sisi tunapima kijiti kila tukijaza petroli mara mbili, na juu ya hayo tunatia katika tangi oili ile ya injini za boti, wanayotumia wavuvi wa Feri, mililita 4 kwa kila lita ya petroli. Hilo la pili si agizo la kiwanda; ni desturi ya watu wenye rota, nami naipenda.

Adui aliyebaki alikuwa joto, na kwa Dar es Salaam adui huyo hatoki nje ya mipaka. Sindano ya joto ya gari hili husimama katikati kwa utulivu mkubwa hata pale maji yanapokwisha kupita kiasi, ikaanza kupanda wakati umechelewa. Tuliweka kipimo kingine kinachosema ukweli. Kisha tukagundua kwamba ile sahani ya plastiki ya chini ya pua, inayolazimisha upepo upite katika rejeta, haipo. Mtu aliwahi kuitupa akiona ni pambo. Mpiga bati mmoja alitukatia nyingine kwa bati nene, kwa kutazama tu, bila mchoro, na ni bora kuliko ya kiwanda kwa sababu inazuia mawe pia. Rejeta mbili za oili zilizoko pembeni chini ya taa za mbele zilikuwa zimejaa udongo na majani. Sasa kijana huziosha kila baada ya mashindano, kwa maji ya taratibu kutoka ndani kwenda nje.

Na vumbi. Vitabu vyote vya rota nilivyosoma vimeandikwa na watu wanaokimbiza magari kwenye lami, na kwao vumbi ni sura fupi. Kwetu ndicho kitabu chenyewe. Chembe ya mchanga ikipita kwenye chujio la hewa, itaburutwa na sili kuzunguka ukuta wote wa chumba. Tuliziba maungio ya sanduku la hewa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na chujio hukaguliwa kila baada ya mbio mbili. Springi na shokapu tulizipandisha sentimita nne. Sitasema zaidi juu yake, hazikutusumbua.

Mashindano ya kwanza yalikuwa Agosti. Gari lilizunguka mara nne vizuri, likiimba kama nyuki hadi 8,500, na saa yetu haikuwa ya aibu: wa saba kati ya kumi na mmoja. Kisha dereva wetu akalizima kwenye foleni, akisubiri zamu, na injini ikiwa ya moto haikuwaka tena kwa dakika kumi na tano. Zamu ikatupita.

Safari hii haikuwa kuzirai. Tuliazima Nairobi kipimo chenyewe cha rota, kinachosoma kila ubavu. Kiwanda kinataka kisipungue kilopaskali 680 kwa mizunguko 250. Rota ya mbele ilisoma 730, 720, 740. Ya nyuma 660, 670, 650. Hapo hakuna mtu wa kulaumiwa; ni uzee, ulioharakishwa na yale masega. Ikiwa baridi, oili nzito huziba pengo. Ikiwa moto, oili huwa nyepesi na pengo huonekana. Tumeweka stata yenye kasi zaidi, nayo sasa huwaka hata ikiwa ya moto, ila si kila mara.

Basi tumebaki na shauri, na hilo ndilo lililotuleta hapa na gari zima. Wawili kati yetu, wale wale, wanataka injini itolewe iwekwe ya Toyota: spea zipo kila kona ya Kariakoo, na gari litakimbia. Hawana kichaa, hesabu yao ni safi. Wawili tunataka rota ya nyuma ifunguliwe, iwekwe sili mpya kutoka Japani, na kazi hiyo aifanye kijana huyu, kwa meza safi na kitabu mbele yake. Itachukua muda mrefu zaidi na fedha zaidi. Ila akimaliza, atakuwa mmoja wa mafundi wachache sana wa Dar es Salaam waliokwisha kufungua na kufunga injini ya namna hii, na magari ya rota yaliyolala mjini kwa kukosa fundi si moja wala mawili. Ninayajua matatu yaliyofunikwa maturubai karibu na ofisi yangu tu. Kura ni mbili kwa mbili. Tutakutana Jumamosi ijayo, na kila upande umeleta hesabu zake kwenye karatasi.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Wale wanaotaka kusikia zile pumzi tatu za rota waje nje kabla ya chakula, kijana atachomoa plagi. Wasichelewe, maana betri ni ya kuazima na mwenyewe anaondoka saa nane.